Mkwaju, si "mti wa ukwaju"

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Mti wa ukwaju kitaalamu huitwa Tamarindus indica. Je, indica ina maana kwamba mti huu ulitoka India? Na kwa nini si indicus, ilhali jina la kwanza linaishia na -us?"

Indica ni "ya India". Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alilichapisha jina hilo mwaka 1753, na Tamarindus yenyewe imetokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Hata hivyo asili ya mti ni Afrika. Ama ile -a, Kilatini huihesabu miti kuwa ya kike hata jina likiishia na -us, na kivumishi hufuata.

Sasa nirudi kwenye barua. "Mti wa ukwaju"! Mtu anafuatilia upatanisho wa Kilatini hadi irabu ya mwisho, kisha ngeli ya M-MI ya lugha yake anaikanyaga! Ukwaju ni tunda. Mti ni mkwaju. Ile m imekwisha kusema "mti". Wataalamu wa mimea walipotaka kusema "izaayo embe" kwa Kilatini waliunda neno refu, Mangifera. Sisi twasema mwembe, basi. Lakini kwenye vibao vya bustani nasoma "mti wa embe", na kibaya zaidi "mti wa mwembe", yaani mti wa mti.

Mkwezi wa Pangani hapandi "mti wa nazi". Anapanda mnazi, na huko juu anakuta kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, tunda lile lile katika umri mbalimbali, kila umri na jina lake. Nazi ni ile iliyokomaa tu. Ukisema "mti wa nazi", madafu umeyaweka wapi?

Najua nitaletewa mbuni: ni mti wa kahawa, tena ni ndege, kwa hiyo eti lazima tuseme "mti wa mbuni" tusichanganyikiwe. Nani atachanganyikiwa? Mbuni umechanua, mbuni amekimbia. Wingi wake mibuni kule, mbuni huku. Upatanisho umemaliza kazi kabla sentensi haijafika kati.

Mti usio na jina kwetu, kama mti wa Krismasi, uiteni hivyo hivyo. Hapo sina neno. Mkwaju una jina.