Jibu: Maabara walisema mbegu hai 92, shambani zimetoka nusu. Nani kadanganya?

Mkuu, nimekusoma. Mahindi yako yamekaa tangu mwaka jana kwenye stoo ya mabati, umeyapeleka maabara, wakayapima kwa ile dawa ya rangi wakakuandikia 92 kati ya 100 ni hai. Umepanda Njombe, mvua kubwa ikanyesha, zimetoka nusu. Nimekaa maabara ya mbegu miaka tisa, na kwa maelezo haya sioni aliyedanganya. Wewe uliuliza "zitaota?" wao wakajibu "ziko hai?"

Dawa yenyewe inaitwa tetrazoliamu. Aliyeifanya kuwa kipimo cha mbegu ni Mjerumani Georg Lakon, pale Hohenheim, Ujerumani, miaka ya 1940. Kabla ya hapo alikuwa akitumia chumvi za seleniamu, ambazo ni sumu. Ukiiyeyusha kwenye maji haina rangi. Seli iliyo hai inapumua, na vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) vya upumuaji huo vinaigeuza kuwa nyekundu, nayo inaganda palepale ilipotengenezwa. Seli iliyokufa inabaki nyeupe. Mahindi tunayaloweka usiku kucha, asubuhi tunayapasua kwa wembe kwa urefu katikati ya kiinitete (kile kimche kichanga kilicho ndani ya mbegu), tunayatumbukiza kwenye dawa, gizani, kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Mchana una majibu. Kuotesha kwa kawaida kungekula siku saba.

Kuloweka na kupasua, hata mwanafunzi wa wiki mbili anaweza. Kazi iko kwenye kusoma. Mwanzoni mimi nilikuwa nahesabu wekundu: nyekundu hai, nyeupe imekufa, naandika. Siku moja yakaja mahindi yaliyokaushwa kwa mashine, nikayapa alama za juu kabisa. Mama mmoja mzoefu akachukua sahani yangu, akavuta lenzi, akaniuliza, "Hapa katikati umeona nini?" Kile kibamba kinachokumbatia kiinitete kilikuwa chekundu pembeni, katikati cheupe. Hiyo ndiyo alama ya mbegu iliyoungua kwa joto la kukaushia. Nilirudia mbegu zote 400, na chai sikunywa.

Kwa hiyo tunaangalia nyekundu iko wapi, na ni nyekundu ya namna gani. Ncha ya mzizi wa kwanza ikiwa nyeupe, mahindi yanaweza kusamehewa, kwa sababu yana mizizi mingine midogo ya kushika nafasi yake. Kichipukizi kikiwa cheupe, hakuna msamaha. Rangi nayo ina lugha yake: tishu yenye afya inakuwa kama nyama ya tikiti na bado imekaza, ila iliyopondwa au kuchoka inakunywa dawa haraka na kukolea kama rozela. Asiyejua anaifurahia hiyo iliyokolea. Hata ukungu na bakteria wanapumua, nao wanaweza kukuletea wekundu wa uongo.

Sasa mbegu zako. Mwaka mzima chini ya bati ni joto la kuzeesha mbegu. Mbegu ya hivyo inaweza kuwa hai kabisa kwenye sahani ya maabara, halafu ikikutana na udongo uliolowa, usiku wa baridi na vimelea, inaoza kabla haijatoka. Rangi haipimi udongo wako wala haipimi vimelea.

Kuna na upande wa pili, ili usikichukie kipimo hiki bure. Mpunga uliotoka kuvunwa unaweza kugoma kuota ukadhani umekufa, kumbe umelala tu. Nimeshaona wa hivyo: kwenye karatasi ya kuoteshea hazikufika hata robo, kwenye dawa karibu zote nyekundu safi. Mwenye mzigo alikuwa tayari kuupeleka mashineni ukakobolewe. Tulimwambia asubiri wiki kadhaa, tukaotesha tena, ukaota.

Msimu ujao, ukitaka kujua kama zitatoka, omba kipimo cha kuotesha, na nyumbani chukua mbegu 100 uzifukie kwenye trei ya mchanga wenye unyevu. Siku ya saba usihesabu zilizochomoza tu, tenga zilizonyooka na zilizodumaa. Zilizodumaa zikiwa nyingi, usizipeleke shambani. Hiyo tetrazoliamu usiisumbukie, ni kemikali inayotaka glavu, na bila jicho lililozoea itakupotosha.

Kabla hujarudishia mbegu kwenye mapengo, fukua mashimo kama ishirini ambayo hayajatoa kitu uone. Mbegu laini inayonuka ni kuoza. Mche uliojikunja chini ya udongo maana yake ulipanda kina kirefu au mvua imeshindilia udongo juu. Ukikuta shimo tupu, hapo maabara na mbegu wote hawana kesi, tafuta panya na kunguru. Lete picha hapa tuangalie.