Kabla hujaingiza karatasi kwenye mashine ya laminesheni

Risiti ilikuwa ya malipo ya kiwanja. Mzee aliifungua kutoka kwenye leso, akailaza juu ya kaunta na kuniambia, "Mwanangu, nipigie laminesheni hii isije ikafutika." Nikaipitisha. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa nyeusi tii, hakuna tarakimu hata moja iliyosomeka. Nilimwomba radhi, nikafunga steshenari, nikaongozana naye hadi ofisi iliyompa risiti ile. Tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri ndipo wakamchapia nyingine.

Risiti nyingi za mashine ndogo za kaunta hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine ya laminesheni ni joto tupu, nyuzi 100 na zaidi. Siku hizi nikipewa karatasi laini inayoteleza, naikwaruza pembeni kwa ukucha. Ikiacha mstari mweusi, siipitishi. Naitoa fotokopi, halafu fotokopi ndiyo naipiga laminesheni. Michoro ya watoto iliyopakwa krayoni nayo huyeyuka, kwa hiyo walimu wa chekechea wakiniletea nafanya vivyo hivyo.

Kuhusu vyeti halisi, namweleza mteja kabla sijagusa swichi. Gundi ya plastiki ikishashika haibanduki bila kuchana karatasi. Muhuri wa kukandamiza, ule unaousikia kwa kidole, hulainika na kupotea, na ofisi inayotaka kugonga mhuri au kuandika nyuma ya cheti haitaweza tena. Mwenye cheti cha kuzaliwa au cha shule namshauri akiweke kwenye mfuko wa plastiki wa faili, laminesheni apige nakala. Wapo wanaokasirika na kwenda duka la jirani. Ni haki yao, lakini mimi siwezi kumharibia mtu karatasi ambayo hana ya pili.

Sasa mashine. Karatasi ya laminesheni ni plastiki mbili zilizoungana upande mmoja, na upande ule uliofungwa ndio unaotangulia kuingia. Ukitanguliza ulio wazi, rola ya juu huchukua yake na ya chini yake, na gundi ya ndani inabaki kwenye rola. Kijana aliyekuwa akinisaidia alifanya hivyo asubuhi moja tukiwa na foleni ya wanafunzi wa vitambulisho. Karatasi ikajiviringisha ndani. Tulimwita fundi, akaikata kwa wembe. Wembe ukachana mpira wa rola, na tangu siku hiyo kila kazi iliyotoka ilikuwa na mstari mwembamba mahali palepale. Mpira ule hauzibwi. Niliishi na mstari huo karibu mwaka mzima hadi nilipopata mashine nyingine.

Kwa hiyo karatasi ikikwama, washa swichi ya kurudi nyuma mara moja, usingoje uone kama itatoka yenyewe. Kama mashine yako haina swichi hiyo, huwa ina kitufe au mkono wa kulegeza rola. Bonyeza, kisha vuta taratibu kwa mikono miwili. Wembe, bisibisi na petroli viwe mbali kabisa.

Joto nalo lina alama zake. Karatasi ninazotumia zaidi ni za maikroni 80 na 125, na hii ya pili, kwa kuwa ni nene, inataka joto kubwa kuliko ile. Kazi ikitoka na ukungu mweupe, joto halijatosha, ipitishe tena. Ikitoka na mawimbi, joto limezidi au umeikunja ikiwa bado moto. Ilaze mezani, weka kitabu juu, ipoe. Mapovu mara nyingi yanatokana na karatasi yenye unyevu, na msimu wa masika naziweka pakiti zangu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Picha iliyotoka kwenye printa ya wino iache ikauke kabisa kwanza. Pini za stepla toa zote, hata ile ndogo iliyojificha kwenye kona. Na usipunguze ukingo kabla ya kupitisha. Kata baadaye, uache kama milimita 3 kuzunguka, la sivyo maji yataingia.

Umeme ukikatika kazi ikiwa ndani, hapo kuwa mwepesi. Rola zimesimama lakini bado zina moto, na plastiki inazidi kuyeyuka zikiwa zimeibana. Legeza, itoe, kisha zima swichi ukutani. Umeme unaporudi huja kwa kishindo, nami naungoja dakika kadhaa kabla sijawasha. Nina stabilaiza ya kutuliza umeme, na bado naungoja.

Kusafisha ni kazi ya dakika mbili jioni, mashine ikiwa bado ina joto: napitisha kipande cha manila kikavu mara tatu au nne, kinatoka na gundi yote iliyobaki. Mara moja kwa wiki nachomoa waya, naacha ipoe, napangusa rola ninazozifikia kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo.

Dada zangu wenye mitandio, na kaka wenye tai au kamba ya kitambulisho shingoni, fungeni kwa nyuma. Rola hazichagui kitambaa.

Mwisho wa siku siizimi ghafla. Naweka swichi kwenye baridi, naacha rola zizunguke kama robo saa hadi nikigusa mfuniko nisikie uvuguvugu tu, maana rola yenye moto ikisimama mahali pamoja inaweza kubonyea. Wakati huo mimi nafunga hesabu. Kisha nachomoa waya na kuifunika kwa kipande cha kitenge, kwa sababu barabara yetu ni ya vumbi na mlango uko wazi kutwa nzima.