Pafu ndani ya chipu: majibu kwa maswali ya wasomaji

*Je, hili pafu la chipu ni pafu dogo lililooteshwa maabara? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi)*

La. Ni kipande cha silikoni angavu, chenye ukubwa unaokaribia ule wa flashi ya kompyuta, ambacho ndani yake mmepitishwa vijia vyembamba sana. Vijia viwili hupita kimoja juu ya kingine, na kinachovitenga ni utando wenye vitundu ambao unene wake ni mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Juu ya utando huoteshwa seli za binadamu za ukuta wa vifuko vya hewa, nazo huachwa ziguswe na hewa. Chini yake huoteshwa seli za mishipa midogo ya damu, zikipitiwa na majimaji ya lishe yanayoshika nafasi ya damu. Kando yake kuna vijia vingine viwili, na hewa iliyomo inapofyonzwa, utando hutanuka. Ufyonzaji ukikoma, hurudi ulivyokuwa, kuiga mwendo wa pafu linapopumua. Kifaa hiki kilielezwa mwaka 2010 katika jarida la Science na Dan Huh, Donald Ingber na wenzao wa Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa mamia ya milioni, lakini chipu huiga ukuta unaotenga hewa na damu, basi.

*Kuna haja gani ya kuichezesha hivyo? Seli hazichunguziki zikiwa zimetulia? (Fundi sanifu wa maabara, Eldoret)*

Swali hili ndilo kiini cha jambo lenyewe. Seli zilizotulia kwenye kisahani cha maabara huchunguzika, na zimetufundisha mengi, ila hazina habari kwamba ni za pafu. Katika majaribio ya mwaka 2010, chembe ndogo mno za silika zilipowekwa upande wa hewa, mwendo wa kupumua uliongeza dalili za uvimbe katika seli na kuzidisha kiasi cha chembe zilizovuka kuelekea upande wa damu. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilitumia interleukini-2, dawa ya saratani inayojulikana kwa kusababisha maji kujaa mapafuni. Majimaji yalivuja kutoka upande wa damu hadi upande wa hewa, kama inavyotokea kwa mgonjwa, na uvujaji ulizidi sana pale chipu ilipokuwa ikipumua. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yana uzito kuliko umbo la kifaa chenyewe, kwa sababu yalionyesha kwamba mwendo wa pafu unaweza kuchangia madhara ya dawa, jambo ambalo kisahani kisingeliweza kulifichua.

*Nimesikia dawa ya malaria ilijaribiwa humo dhidi ya korona. Ni kweli? (Muuguzi, Unguja)*

Ni kweli, na dawa yenyewe unaifahamu: ni amodiakwini, ambayo Zanzibar ilianza kuitumia mwaka 2003 pamoja na artesuneti, dawa nyingine, kutibu malaria. Utafiti huo wa Taasisi ya Wyss, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia chipu ya njia ya hewa, wala si ile ya vifuko, na kwanza ulitumia virusi bandia vilivyovikwa protini ya nje ya kirusi cha korona. Klorokwini na haidroksiklorokwini, ambazo zilikuwa zimezuia maambukizi katika seli za kawaida za maabara, hazikufua dafu katika chipu. Amodiakwini ilipunguza maambukizi, kisha ikaonyesha kinga kwa hamsta (wanyama wadogo wa jamii ya panya) waliowekewa virusi halisi. Majaribio makubwa kwa wagonjwa yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba haidroksiklorokwini haiwasaidii waliolazwa kwa Uviko-19, kwa hiyo katika hilo chipu ilikubaliana na wodi kuliko kisahani kilivyokubaliana nayo. Hata hivyo chipu na hamsta havitoshi kuidhinisha tiba, na mtu yeyote asimeze amodiakwini akidhani anajikinga na korona.

*Na kifua kikuu je? (Msomaji, Mwanza)*

Mwaka 2020 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walichapisha kazi waliyoifanya kwa chipu yenye seli za panya, wakifuatilia kwa hadubini bakteria wachache tangu saa za mwanzo za maambukizi. Waligundua kwamba pale seli zilipokosa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee, bakteria walikua bila kudhibitiwa, na kwamba kuiongeza kutoka nje kulipunguza ukuaji huo. Huo ni mwanzo tu wa ugonjwa. Vinundu vinavyojengeka mapafuni kwa miezi havijitokezi katika jaribio la siku chache.

*Je, panya wa maabara sasa watapumzika? (Msomaji, Nairobi)*

Bado. Sheria iliyotiwa saini Marekani mwezi Desemba 2022 iliondoa sharti lililotokana na sheria ya 1938 la kujaribu dawa mpya kwa wanyama kabla ya kuzijaribu kwa watu, na ikaruhusu njia nyingine, chipu zikiwemo. Haikupiga marufuku wanyama.

*Seli hutolewa kwa nani, na tunaweza kuyaamini majibu yake? (Mhadhiri, Dodoma)*

Nyingi hutoka katika mapafu yaliyotolewa na wafadhili, yaani watu waliotoa viungo vyao, lakini hayakufaa kupandikizwa, au katika vipande vilivyobaki baada ya upasuaji, kwa idhini. Hapo kuna faida: mwaka 2016 chipu zenye seli za wagonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa zililinganishwa na za watu wazima wenye afya, zote zikivutishwa moshi wa sigara halisi kwa mashine, na kwa mpango wa namna hiyo moshi wa kuni ungeweza kuchunguzwa pia. Kasoro nazo zipo. Silikoni hufyonza dawa zinazopenda mafuta, hivyo kipimo kinachozifikia seli huwa pungufu kuliko kile kilichotiwa. Utando wa mikroni 10 ni mnene mno ukilinganishwa na ukuta wa kweli, ambao kwa sehemu kubwa haufiki hata mikroni moja. Mishipa ya fahamu haimo, na seli za kinga humo ni zile tu alizotia mtafiti. Isitoshe, seli za mfadhili mmoja ni za mtu mmoja. Kwa hiyo nikipokea ripoti ya aina hii, hutafuta kwanza idadi ya wafadhili, ndipo nisome matokeo.