Anti, moyo unakataa: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nifuate machale, au nikae chini nipige hesabu? Nazijibu moja moja.

Anti, nina gereji Mwanza. Gari likiingia, kabla dereva hajazima injini nimeshajua tatizo. Kijana wangu katoka VETA, hagusi kitu mpaka achomeke kompyuta ya kupimia. Nani yuko sahihi?

Mimi gari nalijua kwa kulipanda tu, ila swali lako lina jibu. Kuna wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo ya kupingana: Daniel Kahneman, aliyekuwa na mashaka na hisia za wataalamu, na Gary Klein, aliyezitetea baada ya kuwachunguza wazimamoto wa Marekani. Mwaka 2009 waliandika makala pamoja, wakakubaliana kwamba hisia ya mtaalamu inaaminika penye mambo mawili. Kazi yenyewe iwe na mambo yanayojirudia, na mtu awe ameifanya muda mrefu huku akijua upesi alipokosea.

Gereji ina vyote viwili. Gari linalomisi leo hulia kama lililomisi jana, na ukibadilisha plagi kumbe tatizo ni koili, mteja anarudi jioni hiyohiyo kanuna. Kununa huko ndiko kulikolisomesha sikio lako.

Lakini limesomeshwa na magari gani? Kama umekulia kwenye Corolla na Hiace, siku ikiingia haibridi wewe na kijana wako mko darasa moja. Fanya hivi: taja jibu lako kabla hajachomeka kompyuta, aliandike kwenye daftari, ndipo apime. Baada ya muda daftari litaonyesha ni magari gani unayapatia na yapi yanakuchenga. Na kijana naye atajifunza kusikiliza injini.

Shikamoo Anti. Nikiamka na hisia nzito juu ya mechi, niweke mkeka?

Marahaba. Hapana. Mkeka ukichanika haukuambii ulikosea wapi, kwa hiyo hisia yako haikui hata ukibeti miaka kumi. Nunua unga.

Nina duka la vipodozi Morogoro. Wauzaji wawili niliowaajiri kwa kuwapenda tu wameniibia. Ina maana sina jicho la kumjua mtu?

Jicho unalo, unalitumia mapema mno. Nimrudie Kahneman huyohuyo. Mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja jeshini Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walikuwa wanapiga soga na kila kijana, kisha wanasema huyu anafaa, huyu hafai. Utabiri wao ulikuwa karibu na bure. Akawaandalia sifa sita, kila moja na maswali yake ya mambo yaliyokwisha kutendeka, na alama ya moja hadi tano itolewe kabla ya kwenda sifa inayofuata. Wasaili wakaja juu: unatugeuza mashine! Akawapoza: mkimaliza zote sita, fumbeni macho, mumwone huyo kijana akiwa askari, mtoe alama ya moyoni. Matokeo yalipokuja, jumla ya alama ilikuwa imetabiri vizuri kuliko mtindo wa zamani. Na alama ya macho yaliyofumbwa ilifanya vizuri sawasawa na hiyo jumla. Moyo uleule, ila sasa ulikuwa umeshiba taarifa.

Wewe fanya hivyohivyo. Mpe noti ya elfu kumi na vitu vya 6,700, uone chenji inavyotoka na uso unavyokuwa. Muulize alikotoka aliondokaje, halafu mpigie huyo bosi wa zamani. Muulize mara ya mwisho hesabu ilipopungua alifanyaje. Anayesema haijawahi kupungua hata siku moja, mimi ningempa moja. Andika kila alama kabla ya swali linalofuata. Mwishoni kabisa fumba macho, mwone Jumamosi jioni duka limejaa na wewe uko msibani.

Nina kazi mbili mkononi, moja Dodoma serikalini, moja Dar kampuni binafsi. Nimeandika faida na hasara kurasa nne, bado sijui.

Kurasa nne ni nyingi mno, mwanangu. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley mwaka 1772 kuhusu mbinu hiyohiyo ya safu mbili, lakini kazi kubwa ilikuwa kufuta: sababu za uzito mmoja pande zote mbili zinaondoka pamoja. Futa, usiongeze.

Daktari Antonio Damasio ameeleza habari za mgonjwa aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo. Akili timamu, ila hisia hazikumsukuma popote. Aliambiwa achague kati ya siku mbili za kurudi kliniki, akapima hali ya hewa na ratiba zake karibu nusu saa. Daktari alipomwambia njoo ile ya pili, akajibu tu sawa. Wewe hisia unazo. Ishi siku mbili kama mtu aliyekwisha kubali Dodoma, kisha mbili za Dar, uone usingizi unakataa wapi.

Anti, kiwanja Kigamboni, karatasi zote zipo, bei nzuri, moyo unakataa. Mume wangu anasema ni woga wa kike.

Msalimie shemeji, umwambie asubiri. Msinunue wala msiache mpaka mjue moyo umeona nini. Ni muuzaji kukwepa kuwatajia majirani? Ni mkewe kutoonekana hata siku moja, wakati ridhaa yake inahitajika? Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, nendeni serikali ya mtaa, kisha rudini kiwanjani bila dalali, muongee na wa mpakani. Yote yakiwa safi na moyo bado hautaki, pimeni hasara: kiwanja mkikikosa kipo kingine, akiba ya miaka haipo nyingine. Na dalali akisema kuna mteja wa kesho mwenye hela taslimu, mwambieni amuuzie huyo.