Tunaporomokea katikati ya kitanda: sita kwa sita itatusaidia?

SWALI: Mimi na mume wangu tunalalia kitanda cha tano kwa sita na godoro la inchi 6, huu mwaka wa tatu. Yeye ana urefu wa sentimita 183 na kilo 95, mimi nina kilo 58. Kila usiku najikuta nimeporomokea upande wake, na akigeuka tu naamka. Fundi anasema kitanda ni kidogo, tupige sita kwa sita. Chumba tulichopanga ni futi 10 kwa 12, na Mungu akipenda tutapata mtoto miezi mitano ijayo. Tukipige?

JIBU: Dada, sita kwa sita itawaongezea nafasi. Kwenye tano kwa sita kila mmoja ana inchi 30, na kwenye sita kwa sita anapata 36. Lakini kuporomoka hakuletwi na upana. Mkiweka godoro jipya la sponji ileile juu ya chaga zilezile, shimo litarudi, tena litakuwa pana zaidi.

Kabla hamjatoa hela, tafuteni kwanza kilicholegea. Lazeni godoro sakafuni, mlale hapo siku tatu. Mkiacha kuporomoka, tatizo ni chaga. Mkiendelea, sponji imechoka. Pia vuteni uzi kutoka ukingo hadi ukingo wa godoro likiwa tupu, mpime kwa rula pengo lililopo kati ya uzi na kitambaa pale penye shimo. Likizidi inchi moja na nusu, godoro hilo limekwisha, na kuligeuza kutawasaidia wiki chache tu.

Kwenye chaga ndiko mafundi wengi wanakobania mbao. Kitanda cha urefu wa futi 6 mara nyingi hupewa chaga 7 za inchi 4, na hapo pengo kati ya moja na nyingine linafika inchi 7. Sponji inazama kwenye mapengo hayo na kukatika kutoka chini, huku juu kitambaa kingali kipya. Pengo lisizidi inchi 3. Kuna na kosa la pili, baya zaidi: chaga ndefu ya futi 5 au 6, inayovuka kitanda kizima bila kitu cha kuishikilia katikati. Kilo 95 zikikaa upande mmoja, ubao mzima unapinda, na aliye upande wa pili anatikisika nao. Huenda ndiyo maana mumeo akigeuka unaamka.

Kitu kingine ambacho fundi hakukigusa ni urefu wa kitanda. Sentimita 183 ni futi 6 kamili, kwa hiyo mumeo ni mrefu sawasawa na godoro. Mto ukimsukuma chini kidogo, miguu inaning'inia, naye analala kimshazari ili aenee, yaani anaingia kwenye sehemu yako. Kitanda kinatakiwa kumzidi mlalaji kwa inchi 6 hivi. Ninyi agizeni sita kwa sita na nusu.

Sasa ufundi wenyewe. Mwambieni fundi aweke mhimili katikati kutoka mchagoni hadi miguuni: mbao mbili za inchi 2 kwa 4 zilizobanwa pamoja, zisimame kwa upana wake ili kimo kiwe inchi 4, na chini yake matendegu mawili yanayogusa sakafu. Chaga zisivuke kitanda kizima. Zikatwe fupi, kila moja ianzie kwenye mfumbati wa pembeni na kuishia juu ya mhimili, upande wako peke yake na wa mumeo peke yake. Kwa urefu wa inchi 78, chaga 12 za inchi 4 kila upande zinaacha pengo la inchi 2.7, jumla vipande 24. Zifungwe kwa skrubu, maana msumari hulegea na kuanza kulia. Msikubali plaiwudi nzima badala ya chaga. Jasho la usiku halina pa kutokea, na mkikaa pwani mtakuta ukungu chini ya godoro.

Juu ya fremu hiyo, wekeni magodoro mawili ya tatu kwa sita na nusu badala ya moja kubwa. Ujerumani mpangilio huu ni wa kawaida sana kwa wanandoa: fremu moja, magodoro mawili, na kila mtu na duveti lake la kujifunika. Unene uwe sawa, inchi 8, lakini la mumeo liwe gumu zaidi. Msinunue kwa maandishi ya lebo, kwa sababu neno hai densiti (yaani sponji nzito, iliyoshikana) linachapishwa hata juu ya sponji nyepesi kabisa. Liwekeni kwenye mizani. Godoro la vipimo hivyo lenye sponji ya kilo 32 kwa mita ya ujazo litakuwa na karibu kilo 12. La kilo 28, linalokufaa wewe, litakuwa na kilo 10 na kitu. Mkiona kilo 6 au 7, hiyo ni sponji ya kilo 18, na chini ya mumeo haitadumu. Baada ya mizani, mkandamize kwa goti: uzito wa sponji unaonyesha itadumu kiasi gani, ugumu wake mnaupima kwa mwili.

Mfereji ulio kati ya magodoro unazibwa kwa sponji ya inchi 2 iliyotandazwa juu ya yote mawili, kisha shuka moja la lastiki. Kwa unene huo wa inchi 10, shuka hilo, pamoja na sehemu ya kuchomeka chini, linatakiwa upana usiopungua inchi 104 na urefu 110. Madukani mengi ni madogo kuliko hayo, hivyo nunueni kitambaa mkashonewe. Chandarua nacho cha sentimita 160 kwa 180 hakitaenea. Mguu ukigusa wavu, mbu anauma kupitia hapohapo.

Chumba kinatosha, ila mchago ukae kwenye ukuta wa futi 12. Kitanda na fremu yake kitachukua futi 6 na inchi 4. Upande wa mumeo acheni inchi 24. Upande wako zinabaki 44: kitanda cha mtoto cha futi 2 kwa 4 kiegemee ukutani karibu na mchago, na njia ya inchi 20 ya kushukia ibaki kati yenu. Miguuni zinabaki futi 3 hivi za kupita. Kabati la futi 4 liende mwisho wa ukuta uleule wa mtoto, likiwa na milango mitatu ya inchi 16. Miwili ya inchi 24 itagonga kitanda. Chorani vyote sakafuni kwa chaki kwanza, pamoja na mlango wa chumba unavyofunguka.

Mtoto msimlaze kati yenu, hasa juu ya ule mfereji. Sponji laini na pengo vinaweza kumziba pumzi. Alale chali kwenye godoro lake gumu, bila mto, ndani ya chandarua chake. Fito za kitanda chake ziachane kwa sentimita zisizozidi 6.

Na kwa kuwa mmepanga, fremu yote ifungwe kwa bolti na nati. Mifumbati iliyogongwa misumari ikibomolewa mara moja tu wakati wa kuhama, matundu yake hayashiki tena.