Maswali ya Wasomaji: Kumwandaa mwanafunzi kwa hisia za kazini

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari katika Wilaya ya Wete na nimekabidhiwa kazi ya ushauri nasaha. Wanafunzi wetu wengi wakimaliza kidato cha nne huenda kwenye mafunzo ya amali, au huvuka Unguja kutafuta kazi katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje. Baadhi yao wameacha kazi katika wiki za mwanzo, na sababu si kukosa ujuzi: walikaripiwa na msimamizi mbele ya wageni, wakashindwa kustahamili. Nataka walio skuli sasa wajifunze kuzimudu hisia zao kabla hawajaingia kazini, lakini ratiba imejaa na sina kipindi changu. Nianzie wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Anzia ndani ya vipindi vilivyopo, na uanze na mazoezi kabla ya mawaidha. Katika skuli zetu jambo hili kwa kawaida huachiwa nasaha za siku chache kabla ya mtihani wa taifa, ambapo mgeni husimama mbele ya kidato kizima akawaambia vijana wawe na subira na wajiamini. Maneno hayo ni mema, lakini hakuna aliyejua kukwea mkarafuu kwa kusimuliwa. Shirika la Afya Duniani, lilipoainisha stadi za maisha za kufundishwa skulini katika miaka ya 1990, liliweka kumudu hisia, kukabiliana na msongo, kujitambua na kuwahurumia wengine katika orodha moja na kufanya maamuzi na kutatua matatizo. Zote ni stadi, na stadi hukomaa kwa kurudiwarudiwa.

Ukitaka hoja ya kumpelekea mwalimu mkuu anayehofia kupoteza muda wa masomo, ipo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa programu 213 za skuli zilizofundisha stadi hizi kwa wanafunzi zaidi ya 270,000, wengi wao wa huko huko Marekani. Waliofundishwa waliimarika kitabia na pia kimasomo, kiasi kwamba mwanafunzi wa wastani, tukimpanga pamoja na wenzake mia, angesogea mbele kwa nafasi 11 hivi. Kwa skuli ya Pemba naona la maana zaidi ni kwamba walimu wa kawaida wa darasani waliweza kuifanya kazi hiyo vizuri, mradi mafunzo yalikwenda hatua kwa hatua, yaliwashirikisha wanafunzi kwa vitendo, yalitengewa muda na yalitaja wazi stadi inayofundishwa.

Sasa tazama kipindi cha Kiingereza, ambacho wanafunzi wanaotaka kazi za hoteli wanakihitaji hata hivyo. Zungumza na mwalimu wake mkubaliane kuhusu igizo fupi: mwanafunzi mmoja awe mgeni aliyeletewa chakula kisicho chake, wa pili awe mhudumu, wa tatu awe msimamizi anayekuja kumkemea mhudumu pale pale mezani. Waache waigize mpaka mhudumu akwame, kisha simamisha igizo umuulize alihisi nini mwilini na hisia hiyo anaiitaje. Wengi watasema wamekasirika. Ukiwauliza kwa upole utagundua kwamba wengine walifedheheka, wengine waliogopa kufukuzwa, na wengine waliona wameonewa. Kila moja ya hisia hizo ina dawa yake: aliyefedheheka anahitaji kurudishiwa heshima yake, na aliyeogopa anahitaji kujua hali yake ya kazi ikoje. Watafiti wa ubongo pia wameonesha kwamba kuitaja hisia kwa maneno hupunguza ukali wake.

Baada ya hapo, na ninakuomba usiiruke hatua hii, igizo lirudiwe na mwanafunzi yule yule. Mara hii avute pumzi na kuitoa polepole, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo, kisha aseme jambo moja la kurekebisha kosa: "Samahani, nitakibadilisha sasa hivi." Wanafunzi wako hawatayaona haya kuwa mambo ya kigeni, maana chuoni wamekwisha kufundishwa Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Wamefundishwa pia kwamba aliyeghadhibika hali amesimama, na akae. Kinachokosekana ni nafasi ya kulifanyia mazoezi fundisho hilo mahali ambapo kukosea hakumgharimu mtu riziki yake.

Hata hivyo, tahadhari usije ukawafundisha kumeza kila kitu huku wakitabasamu. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliwachunguza wahudumu wa ndege na mwaka 1983 akaeleza jinsi kazi ya kuonesha uso wa furaha kila saa inavyoweza kumchosha mtu mpaka asitambue tena hisia zake za kweli. Kazi za utalii hapa kwetu zina mzigo huo huo. Kwa hiyo igizo liwe na sehemu ya pili, ambapo mhudumu, wageni wakishaondoka, anamwendea msimamizi na kumwambia kwa adabu: "Kosa langu nimelikubali, ila naomba ukinielekeza unielekeze pembeni." Binafsi naiona sehemu hii kuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, kwani vijana wetu wamelelewa kumstahi mkubwa kwa kunyamaza, na wanahitaji kuonyeshwa kwamba mtu anaweza kusema huku heshima ikibaki. Waelezwe pia kwamba matusi, kunyimwa mshahara au kushikwa shikwa si mambo ya kuvutia pumzi. Hayo yana Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, na yana Kamisheni ya Kazi ya kuyapeleka.

Jambo la mwisho linawahusu walimu wenyewe. Mwanafunzi anayefokewa mbele ya darasa kila anapokosa jibu anajifunza kwamba mwenye cheo hufoka na aliye chini huinama, na igizo la wiki moja haliwezi kulifuta somo la kila siku. Lizungumzeni hili katika kikao cha walimu kabla hamjaanza na wanafunzi.

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu na anataka kuwa muuguzi. Akipata alama mbaya hulia usiku kucha. Je, nimshawishi achague kazi nyepesi?
Mzazi, Chake Chake

JIBU: La, mzazi mwenzangu. Machozi si ushahidi kwamba hafai, na mgonjwa hunufaika na muuguzi ambaye moyo wake unaguswa. Utazame muda anaochukua kuinuka. Akilia leo na kesho akakifungua kitabu, yuko salama, nawe msaidie kwa kumuuliza ni swali gani lililomshinda na nani anaweza kumfafanulia, badala ya kumwambia asilie. Mtafutie pia nafasi ya kuzungumza na muuguzi mmoja unayemfahamu, amsimulie anavyofanya siku inapokuwa nzito, kwani mwenye kazi yake atamjibu mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi. Lakini ukiona huzuni imedumu wiki mbili au zaidi, hali wala halali vizuri, amejitenga na wenzake, au anasema maisha hayana maana, mpeleke kwa daktari bila ya kungojea matokeo ya mtihani. Neno la kutaka kufa likimtoka, mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake mpaka aonekane na daktari.