Maswali ya gari: boksi la Toyota kwa dola 15

Wiki hii karibu barua zote ni za piesi, yaani vipuri. Nimechagua zile zitakazowafaa wengi, pamoja na moja isiyomfaa mtu ambayo haikomi kuletwa.

Nina Toyota ya zamani. Niweke piesi orijino au kopi? (Kamalondo)

Toyota gani, baba? Ya mwaka gani, injini gani, piesi ipi? Piga picha ya kibati cha chasi, uitunze kwenye simu, ndipo uandike. IST peke yake kuna NCP60 yenye injini ya 1.3 na NCP61 yenye 1.5, na ukiziona barabarani hutazitofautisha. Muuza piesi asiyekuuliza namba hiyo anakisia kwa feza yako.

Plaketi (pedi) za freni za mbele: duka moja lina «Toyota orijino» kwa dola 15, lingine lina za kiwanda nisichokijua kwa dola 25. Nafanya safari za Likasi kila wiki. (Kampemba)

Jiulize kwanza: orijino imewezaje kuwa rahisi kuliko kopi? Boksi linachapwa popote penye mashine na karatasi, na hologramu vilevile. Hiyo ya dola 15 usiiguse.

Watu wanadhani kuna aina mbili tu, ya Toyota na ya uongo. Ziko angalau tatu. Toyota hatengenezi kila kitu mwenyewe: Denso, Aisin, Advics na KYB wanamuuzia, kisha wanauza pia kwa boksi la jina lao kwa bei ya chini. Baada ya hao vinakuja viwanda vingine vinavyojulikana, visivyomuuzia Toyota lakini vinavyoheshimu kazi. Kopi yenye jina lake mwenyewe haimdanganyi mtu. Inayodanganya ni ile iliyovaa jina la mwingine.

Toa plaketi kwenye boksi hapo hapo dukani. Tafuta mgongoni alama ya E ndani ya duara na maandishi yanayoanza na 90R: hiyo ni kanuni ya Ulaya inayodai plaketi ya kubadilishia isimamishe gari karibu sawasawa na ya orijino. Alama nayo inaigwa, kwa hiyo endelea kutazama. Pitisha ukucha pale nyama ya plaketi inaposhikana na chuma. Ukucha ukiingia, rudisha. Pembe zikiwa zinamomonyoka vidoleni, rudisha.

Halafu uende mwenyewe dukani, usimtume fundi peke yake. Wengine wanapewa chao na mwenye duka, na chao hicho kimo ndani ya bei yako.

Fundi anasema nibadilishe kurwa ya distribisyo ya IST yangu. Orijino ni ghali, nifanyeje? (Ruashi)

IST yako haina kurwa, yaani mkanda wa kuendesha valvu, ina cheni. Badilisha fundi.

Kwa wenye Hiace za dizeli za 2L, 3L na 5L, hao ndio wana kurwa, na hapo usihesabu akiba. Ikikatika, valvu na pistoni zinagongana, unafungua kilasi, yaani kichwa cha injini. Nunua kurwa ya kiwanda kinachojulikana pamoja na galeti yake, kigurudumu kinachoikaza, na uandike kilomita kwa kalamu kwenye kifuniko.

Gari inachemka. Fundi alitoa termosta, bado inachemka, sasa anataka joenti ya kilasi. Nichukue orijino? (Katuba)

Mama, kabla ya kununua joenti (gasketi), nunua kofia ya radiatere.

Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na maji ya wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini yako inafanya kazi karibu sana na hapo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha, na presha inashikwa na kofia. Kofia yenye namba 1.1 ikiwa nzima inasukuma kiwango hicho mpaka karibu nyuzi 120. Ifungue injini ikiwa baridi, uigeuze. Mpira ukiwa mgumu, umepasuka au una alama ya kukatika kwenye duara, maji yanatoka kidogo kidogo bila kuonekana chini ya gari. Soma namba iliyo juu na uchukue ileile, usiweke 0.9 mahali pa 1.1 kwa kuwa imeingia vizuri.

Kuhusu termosta, kile kilango kinachofungulia maji njia yakipata joto, huu ni ugonjwa wa magaraji yetu. Kila gari inayochemka, termosta inatupwa. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye radiatere, kwa hiyo inachemka zaidi. Irudishwe, na iwe ya kiwanda kizuri, kwa sababu kopi mbovu inabaki imefungwa siku ya safari. Kisha tazama ventilateri, na vumbi jekundu lililoziba radiatere kwa mbele.

Ikibaki kuwa joenti kweli, orijino au ya kiwanda kinachojulikana, sawa. Lakini kilasi ipimwe kwanza kama imepinda. Joenti ya bei yoyote juu ya kilasi iliyopinda itakurudisha kwangu baada ya mwezi.

Fare (taa ya mbele) ya Vitz imevunjika. Okazyo (iliyotumika) orijino ya Japani, au mpya ya Taiwani? (Kenya, Lubumbashi)

Hapa nitawaudhi wapenda orijino. Japani wanapita kushoto, sisi tunapita kulia. Mwanga wa fare yao unapanda upande wa kushoto ili uonyeshe kando ya barabara, na kushoto kwetu ndiko anakotoka mwenye lori la shaba kutoka Kolwezi. Orijino hiyo inampofusha yeye, na wewe mwenyewe huoni anayetembea kando.

Vitz ya kwanza iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, kwa hiyo fare za wanaopita kulia zipo, na Wataiwani wanazitengeneza. Fananisha mwaka na umbo, kisha badilisha zote mbili. Kwenye kioo chenye alama ya E, mshale unaoelekea kulia kwako ukisimama mbele ya fare ni wa wanaopita kushoto. Isiyo na mshale ndiyo yetu. Na zile balbu za LED nyeupe za kuchomekea, tafadhali, ziache.

Naweza kuosha filtre ya hewa kwa petroli? (Kipushi)

Hapana. Ni karatasi. Wakati wa kiangazi, ikague mara mbili zaidi.

Dinamo: okazyo ya Japani au mpya isiyo na jina? (Annexe)

Okazyo. Dinamo, stata, milango, vioo: orijino iliyotumika mara nyingi inaishinda mpya ya ovyo. Okazyo nisiyoikubali ni ya freni, kurwa, amotiseri (shokapu) na chochote cha mpira, tairi zikiwemo. Mpira unazeeka hata ukilala kontena. Kwenye tairi soma namba nne za mwisho za DOT, yale maandishi ya ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama imepakwa dawa ikang'aa.

Dinamo yako ifungwe mbele yako na kipimo kiwekwe kwenye batri, injini ikiwaka: kati ya volti 13.5 na 14.5, taa zikiwa zimewashwa. Muuzaji akikataa, vuka barabara, jirani yake naye anazo.